Swali Lisilopindishwa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shemeji na mtoto hawajambo. Mimi ni mzima wa afya, tena nina furaha hadi kalamu inanikimbia, kwa hiyo nivumilie herufi zikigongana.

Uliniuliza tunafanya nini hasa kwenye hiyo maabara. Usiwaze chupa wala darubini. Ni chumba cha ghorofa ya juu chenye viti, simu mbili na pazia lililokataa kufunga. Tupo wanafunzi wanne na mhadhiri wetu, tunayemwita Mama Swali. Tunachunguza jinsi ya kuwazuia watu wasijiue: kama mwanafunzi wa kawaida, asiye daktari, anaweza kufundishwa kumwuliza mwenzake waziwazi kama anafikiria kujiua, kisha akajua la kufanya. Siku ya kwanza Mama Swali alitueleza kwamba kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua.

Usidhani ni rahisi. Tulifanya mazoezi wawili wawili, nami nikapangwa na kijana mrefu tunayemwita Twiga. Ulimi ukawa mzito. Nikazungukazunguka weee, mwishowe nikamwuliza kama ana mawazo ya kutuacha. Akanijibu kwa uso mkavu kwamba ndiyo, jioni ana mechi. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mama Swali hakucheka. Alisema nirudie, na neno nilitaje lenyewe, kwa sauti ileile ninayomwulizia mtu kama amekula.

Basi matokeo yametoka, Dada. Wanafunzi tuliowafundisha wamewauliza wenzao zaidi kuliko wale ambao hatukuwafundisha, na waliokuwa taabani wamefikishwa kwa mshauri. Chuo kimekubali kila anayeingia mwaka wa kwanza afundishwe, na tutakaosimama ukumbini kueleza ni Twiga na mimi. Mimi, niliyekuwa nikijificha nyuma yako wageni wakija.

Sasa kaa chini. Kuna jambo sikukuambia kwenye simu, kwa sababu lilikuwa la Baba na nilingoja ruhusa yake.

Likizo iliyopita nilimkuta amekonda. Vifaa vyake vya kutengenezea redio, ambavyo tangu utotoni tulikatazwa hata kuvigusa, alikuwa amemgawia fundi jirani, vyote. Alisema havihitaji tena. Nikakumbuka Mama Swali alitufundisha kwamba mtu kugawa vitu anavyovithamini ni dalili mojawapo. Tulipomaliza kula nikamwuliza, "Baba, unafikiria kujiua?"

Alizima redio. Nilidhani atanifukuza mezani.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nakuuliza mimi."

Akasema, "Tangu mama yenu afariki, kuna siku naamka na mawazo hayo na kulala nayo." Kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Sikumpa nasaha wala sikumkatiza. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Nikampigia Mama Swali, akanielekeza. Baba mdogo akaja kukaa nasi, na kulipokucha tukaenda hospitali sote watatu. Daktari alimwanzishia dawa, na sasa kila wiki anazungumza na mshauri. Hajapona kabisa, sitakudanganya. Lakini anakula, analala, na juzi amebishana na baba mdogo kuhusu mpira hadi majirani wakachungulia. Dada, sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Ni yeye mwenyewe aliyesema nikuandikie. Alisema kwenye simu wewe ungelia, naye angelia, na hakuna ambaye angesikia kitu. Ukishamaliza kulia, mpigie. Usimwonee haya. Mwulize anaendeleaje, atakuambia ukweli, hata siku ambayo ukweli si mzuri. Baba mdogo bado yuko naye, na mimi narudi kila nikipata nafasi.

Nisalimie shemeji sana, umwambie sijasahau ile zawadi aliyoniahidi. Baba anawasalimu nyote. Anauliza mjukuu wake ameota meno mangapi, na anaomba asiyamalize kabla babu hajafika kuyaona.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda