Siku Kumi na Moja za Ruvuma

Shangani, Mtwara
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo mama. Natumai goti limepoa na ngedere wamekuachia mihogo yako hapo Mpapura. Sisi huku ni wazima, ila mimi nimechoka, na sehemu ya uchovu huo umenipa wewe.

Nimelazimika kuandika kwa sababu kila nikikupigia kuhusu kile kijitabu cha ofisini kwetu, unasema mtandao mbovu. Mara nne, mama! Basi vaa miwani usome.

Nilikueleza kwamba tunaandaa kijitabu cha wanawake waliojenga sayansi ya mito huku kusini. Orodha aliyoileta mkuu wangu, Mathayo, ilikuwa na wanawake watatu, nikiwamo mimi, wote wenye shahada, kana kwamba kabla yetu mto ulikuwa unajipima wenyewe. Nikampelekea madaftari ya kule mtoni tulikokulia: miaka kumi na tisa ya kina cha Ruvuma, asubuhi na jioni. Jalada lina jina la marehemu baba, maana ndiye aliyeajiriwa, lakini baba alikuwa bandarini akipakia korosho, na kila tarakimu ni mwandiko wako uliojifunza kwenye kisomo cha watu wazima. Mathayo akakubali. Wewe ndiwe uliyekataa, eti mke haandikwi kwa kazi ya mumewe. Kazi ipi ya mumewe? Baba hakujua hata kile kibao cha kupimia maji kimesimama wapi!

Nikadhani nina kichwa kigumu kimoja tu cha kulainisha. Kumbe viwili. Wiki iliyopita Mathayo alinionyesha Machi ya mwaka 1990: siku kumi na moja, mto unapanda sentimita mbili kila asubuhi na mbili kila jioni, ilhali vituo vya kupimia vya juu ya mto vinaonyesha mafuriko. Akasema mto haupandi ngazi, tarakimu hizo zimetungwa, na aliyetunga siku kumi na moja haaminiki kwa miaka kumi na tisa. Akalifuta jina lako. Nikatoka nikaubamiza mlango, lakini niliyemkasirikia hasa hakuwa Mathayo.

Mama, siku zile ulikuwa umelazwa, umejifungua Issa. Ulinituma mimi, mtoto wa miaka kumi, nikasome kibao. Siku ya kwanza nilimkuta mamba amelala pale pale. Sikurudi tena. Nilikaa mikoroshoni nikaongeza mbili mbili kwenye karatasi. Uliporudi nikakuapia kwa Mungu kwamba nilikwenda, nawe ukanakili daftarini. Bwana maji alipokuja kukagua alikugombeza wewe kwa tarakimu hizo mbele ya majirani, nami nimesimama hapo na kikombe chake cha chai. Ukubwani nikayatumia madaftari hayo hayo kupata shahada yangu ya pili, na siku zile nikaziacha humo, huku nikijua.

Jana nimemweleza Mathayo yote kwa maandishi. Jina lako limerudi. Langu limeondolewa, na chuo kitaandikiwa.

Nisalimie Issa na mkewe, na majirani wote. Nigombeze utakavyo, mama, nimekukosea. Ila hili usinikatalie: Alhamisi kijitabu kinakwenda kuchapwa, na ukurasa wa kwanza umeandikwa Somoe binti Amiri, mpimaji wa mto.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi