Kiti cha Baba Kwenye Boti ya Verlon

Barabara ya Goosepond,
Scottsboro, Alabama.
9 Aprili 2019

Mpendwa mdogo wangu Royce,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo wewe? Marisol na watoto wanaendeleaje, na theluji ya huko Spokane imewaachia au bado? Sisi tu wazima. Shangazi Ozella kapasuliwa goti na tayari anagombana na daktari. Baba anakula vizuri, ingawa kikombe chake tunakijaza nusu kwa sababu ya ile mikono kutetemeka. Mvua imenyesha wiki nzima, ziwa limepanda hadi kwenye nyasi, na samaki wetu wa besi wameshaanza kusogelea maji ya kina kifupi.

Salamu zimekwisha. Nina hasira na wewe, Royce. Barua ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa matusi matupu.

Unajua Baba na Mzee Verlon wamevua pamoja tangu mimi na wewe hatujaanza shule. Boti ni ya Verlon, yeye hukaa mbele na Baba nyuma, na Baba ndiye hutunga vyambo vya wote wawili kabla boti haijashushwa majini. Klabu nzima ya wavuvi inajua hivyo. Verlon akitunga mwenyewe, chambo chake, kile kisamaki cha plastiki, kinakaa kama soksi iliyovaliwa kinyumenyume.

Mwezi uliopita Verlon alikuja hapa, akasimama barazani, chai akaikataa.

"Harlan, vyambo vyako siku hizi vinabingirika majini," akamwambia Baba. "Uzi wangu wote umejisokota. Msimu huu nitavua na Doyle."

"Doyle? Yule anayeogopa minyoo?" Baba akacheka.

Verlon hakucheka. Aliaga akaenda zake, na Baba akabaki amesimama mlangoni.

Tangu siku hiyo Baba anaamini kosa ni mikono yake. Kila akimaliza kifungua kinywa anatandaza gazeti mezani, anatoa visamaki vyake laini vya plastiki na zile ndoana pana zenye kipande cha risasi cha kuzizamisha. Kwanza anailaza ndoana ubavuni mwa chambo, anatia alama kwa ukucha mahali itakapotokea. Anaichoma puani mwa kisamaki, anaitoa kidevuni, anaigeuza, kisha anaipitisha tumboni itokee mgongoni, katikati kabisa. Ndipo mkono unapomtoroka. Ncha inatokea ubavuni, chambo kinapinda, na unajua besi hagusi kitu kinachobingirika. Anaichomoa, anaanza upya, mpaka plastiki inachanika. Vidole vyake vimejaa plasta.

Nikimwambia apumzike, ananijibu, "Kikikaa sawa, Verlon atanirudisha. Niache, binti."

Jumapili baada ya ibada nilimkamata Verlon kwenye maegesho ya kanisa. Sikujali mkewe yupo.

"Mzee Verlon, mtu akitetemeka ndiyo mnamtupa?"

Akaanza kujizungusha, mara injini, mara mgongo wake. Mwishowe akavua kofia.

"Wynette, mimi ningemtungia hata mwaka mzima. Ni Royce alinipigia. Alisema nitafute kisingizio chochote cha kumwacha nchi kavu, ila mzee asijue kimetoka kwake. Nikasema vyambo. Ndicho kilichonijia mdomoni."

Unaona ulichofanya? Katika visingizio vyote duniani, Baba kapewa kile kinachogusa kazi ya mikono yake, kitu pekee alichokuwa bado anajivunia. Verlon alikuwa mwoga, lakini aliyemtuma ni wewe.

Usidhani nimesahau Februari, Baba alipotumbukia pale gatini. Mimi ndiye niliyemvua nguo zilizolowa huku meno yakimgongana, na ndiye niliyekupigia nikilia. Hofu yako naielewa, hata mimi ninayo. Basi ungempigia yeye! Angefoka, angekukatia simu, siku ya pili angevaa jaketi la kuokolea na mambo yangekwisha. Badala yake umemzunguka baba yako kama vile hana akili.

Verlon yuko tayari kumrudisha, kwa sharti la jaketi mwilini tangu wanapoondoka gatini hadi wanaporudi. Nimemwambia asije kwanza. Akija leo, Baba atadhani amerudishwa kwa sababu mikono imekubali, na mikono ile haitaendelea kukubali, Royce. Siku itakapokataa kabisa atajilaumu tena. Lazima asikie ukweli, na lazima autoe aliyeuficha. Mimi sitakusemea.

Sikukupigia simu kwa sababu ningekutukana nawe ungekata. Msalimie sana Marisol, wabusu watoto, waambie shangazi yao hana ugomvi nao. Shangazi Ozella na majirani wote wanakusalimu. Mungu awalinde, na wewe akupe ujasiri.

Leo asubuhi Baba aliniita kwa kelele hata nikadhani ameanguka. Nilimkuta jikoni, sinki limejaa maji, anakivuta chambo taratibu kwa uzi. Kilikuwa kimenyooka. Mkia ulicheza na hakikubingirika hata kidogo. Akaniambia nimpigie Verlon upesi. Nikamjibu kwamba Verlon hashiki simu. Nimemdanganya baba yangu kwa ajili yako, na sitarudia.

Amevuta kiti chake hadi kando ya simu, chambo kiko magotini. Namjua, barua hii ikikufikia atakuwa bado yuko pale. Simu ikilia atadhani ni Verlon. Hakikisha ni wewe.

Dada yako akupendaye, pamoja na hasira zote,
Wynette