Grafu Iliyokataa Kwenda Kulia

Nyumba za Walimu, mlango wa nne
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Na shemeji, mgongo wake umepata nafuu? Sisi wazima, ila mimi nina kinyongo, na ninacho kwako. Bora nikwambie mwenyewe.

Unajua mwanangu alivyohangaika na grafu. Mtihani ni baada ya likizo, na kila akiona "x kutoa tatu" ndani ya mabano, anaisogeza grafu kushoto. Nimemfundisha darasani, nimemfundisha mezani, nimechora mpaka vidole vimekuwa vyeupe kwa chaki. "Mama, kutoa si ni kurudi nyuma?" Kushoto tu! Miaka kumi na tisa nafundisha hesabu, mtoto wangu mwenyewe ananishinda.

Kumbe alikupigia simu wewe. Wewe muoka mikate, uliyekuwa ukinakili hesabu zangu! Ukamwambia: ukichelewa kuwasha tanuri kwa masaa matatu, mkate ni uleule, ila kila hatua yake inachelewa masaa matatu. Ukitazama saa ya ukutani, lazima utoe matatu ndipo ujue mkate umefika wapi. Basi kutoa ndani ya mabano kunasogeza grafu mbele, kulia. Na namba inayojumlishwa nje ya mabano? Hiyo ni kupandisha trei rafu ya juu: grafu inapanda, hakuna kingine. Dakika tano! Alikata simu anacheka, akapata maswali yote kumi ya zoezi nililompa.

Nilimpongeza, lakini nilikuonea wivu. Nilikuwa mimi wa kuulizwa kila kitu nyumba hii. Naogopa hataniuliza tena.

Na sasa aibu yangu. Alhamisi nilisimama darasani nikaeleza tanuri lako kana kwamba nimelibuni mimi. Wanafunzi wakapiga makofi, loo! Mwanangu, dawati la pili, alinitazama tu, kisha akainama kuandika. Anajua fika tanuri ni lako.

Jana aliniomba aje kwako likizo. Nimekubali, ingawa ulimi ulikuwa mzito. Mfundishe kukanda unga, mdekeze utakavyo. Ila nakuomba, ndugu yangu: akikuuliza swali jingine la hesabu, hata kama jibu unalo, mwambie hujui. Mwambie amuulize mama yake.

Nisalimie shemeji na wale mapacha. Mungu awape afya na wateja wasiopungua.

Akupendaye, wivu na yote,
Dada yako