Mwanamke wa Kwenye Redio ya Gari Lako

Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Najua umeitikia. Hukuwahi kuiacha salamu ya mtu, hata ya gari.

Nazikumbuka asubuhi zetu hapa Tabora, kabla ya safari za Ipole. Abiria wameshakaa, madumu matupu ya asali yamefungwa juu, bibi yuko nyuma na kikapu chake mapajani. Unawasha gari, redio inawaka, na yule mwanamke wa Kijapani anasema maneno yake machache kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Unamsubiri amalize.

"Marahaba, mama. Sisi tumeamka salama."

Ndipo unatia gia.

"Mke mwenza wangu kasemaje leo?" bibi anauliza.

Hukukosa jibu hata siku moja. Mara alisema mwenye kuku awafunge miguu. Mara alisema yule bwana wa dirishani asogee, kuna mama mjamzito. Na yule mwalimu aliyelalamikia kiti kigumu aliambiwa kwamba watu walipita njia hii hii kwa miguu, na pembe za ndovu mabegani, wala hawakuulizia kiti. Abiria walitii. Ungesema wewe, wangebishana mpaka Sikonge.

Kosa langu lilianza darasani. Unamkumbuka yule mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, aliyetufundisha Kijapani kila Jumamosi? Alipoondoka nilibaki na daftari moja na simu, nikaendelea mwenyewe. Nilitazama video za kuwafundisha watoto wa Kijapani kupiga mswaki. Nilipakua programu iliyonipigia vigelegele kila nilipopatia neno "paka". Nilirudia sentensi nikimenya viazi, bibi akadhani nasali, akawa anatembea polepole asinikatize. Halafu mtandaoni, mahali ambapo watu hubadilishana lugha, nikampata Mama Keiko, mjane wa kijijini huko Japani. Yeye alitaka Kiswahili kwa sababu ambazo mpaka leo hajanieleza, nami sijamuuliza.

Basi ile asubuhi nilikaa mbele, karibu nawe. Mwanamke akasema, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kila neno. Babu, furaha ile ilinitoa akili.

"Babu! Anasema kadi haijawekwa! Kadi ya kulipia barabara za kwao! Kila siku anasema hilo hilo tu!"

Gari zima likacheka. Yule mwalimu alicheka kuliko wote, bado alikuwa na kinyongo cha kiti. "Kumbe mzee ulikuwa unatupanga!" Nawe ulicheka, kidogo.

"Haya, mke wangu msomi," ukasema, ukatia gia.

Kesho yake akasema tena. Hukuitikia. Bibi akauliza mke mwenza wake kasemaje, ukamwambia, "Muulize mkalimani."

"Kadi haijawekwa," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Kuku walizurura chini ya viti mpaka Ipole. Uliendelea hivyo, kimya, mpaka ulipougua, na mimi sikukuomba radhi. Nilikuwa sahihi, na mtu akiwa sahihi huona radhi si kazi yake.

Mwaka huu nilimsimulia Mama Keiko habari hii, kwa Kijapani changu cha kuungaunga.  Kisha akasema kwao bafu huongea, hutangaza kwamba maji yamepata moto, na marehemu mumewe alikuwa akiliitikia kila jioni: ahsante kwa kazi.

"Sasa naliitikia mimi," akasema. "Na gari lenu, nani anamwitikia yule mama?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Juzi baba mdogo, ambaye ndiye anayeendesha gari lako sasa, alileta fundi. Anasema yule mwanamke anampigia kelele. Fundi akafungua mipangilio kwenye kioo cha redio, akakuta maandishi ya Kijapani matupu, akaniita.

"Dada, si wewe unaijua hii lugha? Nionyeshe pa kumzimia."

Nikainama. Palikuwa mstari wa tatu, maandishi mepesi kabisa: sauti ya maelekezo, washa, zima. Ni kugusa kwa kidole tu.

"Wameandikaje?" baba mdogo akauliza.

"Wameandika ukimzima yeye, na gari haliwaki."

Fundi akanitazama sana. Baba mdogo akaitazama ile redio kwa heshima ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Basi mwacheni," akasema.

Miaka yote ya kujifunza, babu, na hiyo ndiyo tafsiri yangu ya kwanza iliyomfaa mtu.

Jana nilipanda nao kwenda Ipole. Baba mdogo akawasha, mwanamke akasema. Baba mdogo akatia gia. Kisha bibi, kule nyuma, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetegemea jibu:

"Mke mwenza wangu kasemaje?"

"Anasema shikamoo," nikamwambia. "Na mwenye kuku awafunge miguu."

"Marahaba," bibi akaitikia.

Nyuma nikasikia mtu anatafuta kamba.

Nisamehe, babu. Pumzika, gari lina mtu wa kuliitikia.

Ni mimi, mkeo mdogo,
Zuhura