Nyanya Mbichi za Atieno

Kambi Muru, Kibera

Mama yangu mpendwa,

Uko aje huko? Mgongo umekuachilia uiname shambani, au bado unajifunga leso kiunoni ndiyo uweze kusimama? Na mtoto je? Shangazi aliniambia ameanza kuinua kichwa chake mwenyewe, na kwamba maziwa ya kopo hayamtapishi tena. Nilifurahi kusikia hivyo. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayasoma humu ndani.

Barua hii nimempa mke wa mjomba, anarudi nyumbani wiki hii. Nimemwambia akupe mkononi. Tafadhali, Mama, isome ukiwa peke yako, tena usimsomee mtu kabla hujaimaliza. Najua umenipigia simu mara nyingi na sikushika. Si kazi iliyonizuia. Ni kwamba kila ukipiga unaanza kwa kunishukuru vile nilivyomtunza mdogo wangu, na mimi shukrani hizo siwezi kuzibeba tena.

Siku ya mazishi uliniuliza Atieno alikula nini mara ya mwisho. Nikakwambia sikumbuki. Nakumbuka, Mama. Wacha nikueleze yote, kuanzia mwanzo.

Mimba yake ilipofika mwezi wa nne, Atieno alikataa chakula. Ugali hataki, samaki hataki hata harufu, chai anatapika. Kitu alichotaka ni nyanya mbichi, zile za kijani ngumu kama mawe, ambazo akina mama wa soko hutenga kando zikikuja kwenye kreti kabla hazijaiva. Alizipaka chumvi akazitafuna. Meno yakaanza kumkera, kiungulia kikampanda hadi anaketi kitandani anashika kifua. Nikamwambia, "Kama lazima ule hivi vitu, basi wacha vipite kwa moto kwanza."

Nilizikata vipande vya duara, unene wa kidole changu kidogo. Nikazinyunyizia chumvi na kuziacha hadi zikatoa maji, halafu nikazikausha na kitambaa. Nikavipitisha kwa unga wa ngano, nikavitumbukiza kwa yai lililopigwa na maziwa ya mala, mwisho nikavigaragaza kwa unga wa mahindi wenye pilipili kidogo. Mafuta yalikuwa moto sana. Kama mafuta hayajashika moto, zinanywa mafuta na kulegea kama mandazi ya jana. Zikishika rangi ya kahawia unazitoa haraka, unaziacha zijichuje. Atieno aliuma ya kwanza ikalia kwacha, akafunga macho.

"Sista, hii ni kitu ingine! Unga umekauka, na ndani bado kuna ule uchachu wangu."

Sosi ilikuwa kazi yake. Alichemsha ukwaju, akatia sukari kidogo, kitunguu saumu, pilipili, na dhania nyingi aliyoitwanga hadi mikono ikawa ya kijani. Alichovya, akala sahani nzima. Siku hiyo hakutapika, tena alicheka. Mimi nilikuwa sijamwona akicheka tangu baba ya huyo mtoto azime simu.

Harufu iliwaleta majirani mlangoni. Baada ya wiki moja tulikuwa tumeweka jiko na karai kule Laini Saba, kando ya reli. Mwanzoni walitucheka. Kuna fundi mmoja wa milango ya chuma alisimama akauliza, "Nyanya ya kukaanga? Kwani viazi vimeisha Kenya?" Atieno akamchovyea moja akamwekea mkononi. Kesho yake huyo fundi alirudi na wenzake wanne. Atieno alikuwa na maneno matamu, wewe unamjua. Mimi nakaanga nimenyamaza, yeye anauza kwa mdomo.

Sasa kuna mama mmoja wa Gatina, kule Kawangware, anaitwa Mama Njoki. Ndiye mwenye ploti kubwa ya ghorofa, na mimi nilikuwa namfulia nguo Jumanne na Ijumaa. Siku moja nilimbebea nyanya kwenye kopo. Alikula amesimama jikoni kwake, akalamba vidole. "Ai! Na hii ukwaju ni nani amepika? Niletee huyo msichana nimwone." Akatupa nafasi chini ya ngazi ya ploti yake tuwe tunapikia hapo siku mbili kwa wiki. Halafu, mimba ya Atieno ikiwa mwezi wa saba, mama huyo akaja na neno kubwa. Njoki binti yake alikuwa anatolewa mahari, wageni wanakuja Jumamosi, na alitaka nyanya zetu ziwe kwenye meza pamoja na nyama na mukimo.

Mama, sijui kama utaelewa nilivyojisikia. Miaka yote hii nimekuwa nikiingia kwa nyumba ya yule mama kwa mlango wa nyuma nimeinama juu ya beseni. Sasa nilikuwa ninaitwa kupikia wakwe. Nilinunua aproni mbili. Yangu na ya Atieno.

Hapa ndipo ninapoandika nikifuta.

Nyinyi wote niliwaambia ilikuja ghafla. Kwamba alikuwa mzima, tukiongea vizuri, mara akaanguka. Ndivyo nilivyosema hospitalini, ndivyo nilivyosema mbele ya jeneza, na mjomba akasimama akawaambia watu, "Huyu Akinyi alifanya yote binadamu anayoweza kufanya." Si kweli. Haikuja ghafla.

Jumatano miguu yake ilivimba hadi viatu vikakataa, akavaa slipa zangu. Uso nao ulikuwa umejaa. Nilimtania, nikamwambia amenenepa kama mke wa pasta. Alhamisi aliamka na kichwa kinamuuma na hakikuacha. Nilimpa panadol. Ijumaa tukiwa tunaosha nyanya, aliniambia, "Sista, hiki kichwa si cha kawaida. Twende kliniki kesho asubuhi."

Nikamjibu, "Kesho si ndiyo kazi ya Mama Njoki? Twende Jumatatu."

Akasema, "Naona kama vitu vinametameta mbele ya macho."

"Ni moshi wa mafuta," nikamwambia. "Utalala ipungue."

Hakubishana na mimi. Laiti angebishana. Alikuwa ameshabishana na watu wengi kuhusu hiyo mimba, nadhani alikuwa amechoka. Akasema tu, "Sawa, Jumatatu," akaendelea kuosha.

Jumamosi tulifika Gatina mapema. Nilimketisha kwenye kiti, nikampa sufuria ya sosi na mwiko, nikasema hiyo ndiyo itakuwa kazi yake, asisimame. Niliona nimemhurumia. Wageni walikuja na nyimbo, akina mama wakajibu kwa vigelegele, na mimi nikawa nakaanga kama mtu aliyepandwa na kitu. Sahani zinaenda zimejaa zinarudi tupu. Mama Njoki alikuja na kilemba chake kipya akaniambia, "Wanauliza ni nani amepika." Nilijaa kiburi, Mama. Nilikuwa na furaha. Mdogo wangu ameketi nyuma yangu anakufa, na mimi nina furaha.

Atieno akaonja sosi, akasema, "Imekosa ukali." Akaongeza pilipili. Akachukua nyanya tatu kwenye sinia, akala moja baada ya nyingine, bila haraka. Hicho ndicho chakula chake cha mwisho. Uliniuliza na leo nimekujibu.

Nilisikia mwiko ukianguka. Nilipogeuka alikuwa ameanguka ubavuni, mikono imekakamaa, macho yamegeuka, mwili wote unatetemeka. Mtu akapiga kelele kwamba ni kifafa. Mwingine akakimbia kuleta kijiko amwekee mdomoni, Mama Njoki akamsukuma. "Huyu ni mjamzito! Gari iko wapi?" Alivua kile kilemba akakiweka chini ya kichwa cha Atieno. Mmoja wa wageni, mzee wa upande wa bwana harusi, alitoa gari lake bila kuulizwa mara mbili. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Aproni yangu ilikuwa bado na unga.

Hospitalini nesi alinifuata na karatasi. Aliuliza, "Amekuwa akiumwa kichwa tangu lini? Miguu ilivimba lini?"

Nikamwambia, "Ni leo tu. Asubuhi alikuwa mzima."

Kwa nini nilisema hivyo? Aliniangalia usoni, na niliogopa kwamba nikisema Jumatano atauliza ulikuwa wapi Alhamisi, ulikuwa wapi Ijumaa. Nikachagua kujificha, wakati mdogo wangu yuko nyuma ya pazia. Labda jibu la kweli halingebadilisha chochote. Walipompima waliona wenyewe presha imepanda kupita kiasi, wakampeleka kupasuliwa. Lakini mimi sikulijua hilo nilipodanganya. Nilidanganya tu.

Mtoto alitolewa akiwa hai, mdogo kama mkate. Atieno hakuamka. Jumapili mchana daktari alinitoa nje kwenye ukumbi na kuniambia. Hakuifikia hiyo Jumatatu yangu.

Nilipomleta mtoto nyumbani, baada ya wiki zake za kulala kwenye kile kisanduku cha joto, nilikuwa nimeapa nitakwambia. Nilikaa kwako siku mbili. Siku ya pili ulikuwa unamwogesha kwenye beseni, ukashika mkono wangu ukaugeuza na kusema, "Mikono hii ndiyo imeniletea mjukuu." Nikatoka nje nikajifanya naenda kuchota maji. Kesho yake nikapanda basi.

Tangu nirudi Nairobi siko vizuri. Chakula nakula kwa sababu ni saa ya kula. Kanisani nakaa kiti cha nyuma na ikifika wakati wa ushuhuda natoka. Mama Njoki amekuwa mwema kupita kiasi, na wema wake unaniumiza vilevile. Yeye anafikiri ni sherehe yake iliyomuua Atieno, analia akiniona, na mimi bado sijamwambia kwamba alipotupatia ile kazi nilikuwa na hiari ya kukataa. Alinishika mkono akasema nirudi chini ya ngazi, nisikae tu kwa nyumba. Nikarudi. Nakaanga nyanya kwa sababu mikono yangu haijui kitu kingine watu wanachokitaka. Sosi naifuata vile alivyokuwa akiifanya, lakini wateja wa zamani wanachovya mara moja, kisha wanakula nyanya kavu. Hakuna anayeniambia si ile, ila najua.

Wiki jana alikuja msichana mmoja, mimba imechomoza, umri kama wa Atieno. Aliagiza sahani. Nikatazama chini nikaona miguu yake imefura hadi kamba za ndala zimezama kwenye nyama. Nikaacha kijiko. Nikamwambia, "Mrembo, kichwa kinakuuma?"

"Kidogo. Kwani nini?"

"Enda kliniki sasa hivi. Si kesho. Sasa. Nitakusindikiza."

Akacheka kwa aibu, watu walikuwa wanaangalia. "Mathe, mimi nimekuja kununua nyanya."

Nikamshika mkono. Nadhani nilimshika kwa nguvu, maana alianza kujivuta. Nikamwambia mdogo wangu alikufa, nikaanza kulia pale mbele ya karai. Akajinyofoa. "Kama hutaki kuniuzia sema, usinitafutie magonjwa!" Akaenda zake kuelekea stendi. Niliacha jiko nikamfuata, lakini njia ilikuwa imejaa boda na watu wa soko, nikampoteza. Nimemuuliza kila mtu pale Gatina. Hakuna anayemjua. Kila siku namtafuta kwenye nyuso za watu wanaopita, na sijui kama alikwenda au alingoja Jumatatu yake.

Niliporudi nilikuta nyanya zimeungua, nyeusi tii, na Mama Njoki amezima jiko. Nikajua kwamba kama nimeweza kumwambia mtu nisiyemjua kwamba mdogo wangu alikufa, lakini mama yangu mzazi nimemficha alikufa vipi, basi hakuna kitu changu kilichobaki kizima. Ndipo nikanunua hii karatasi.

Siandiki ili unisamehe. Sijui hata kama ningeupokea msamaha wako ukinipa. Ukitaka kumwambia mjomba, mwambie, na yale aliyosema siku ya mazishi ayafute. Ukikaa kimya, mimi pia nitakaa kimya, sitakusumbua. Usipotaka nije Desemba, mwambie shangazi anijulishe, nitaelewa.

Nisalimie Baba mdogo, mwambie yale majani ya mgongo aliyonipa bado ninayo. Shangazi mshukuru kwa kukesha na mtoto usiku ule wa homa. Shemeji mwenye kinu mpe salamu, na mama mkwe wa kaka pia. Yule jirani aliyetukopesha turubai ya matanga mwambie sijamsahau.

Jambo moja la mwisho, Mama. Najua mnamwambia mtoto, hata kama haelewi, kwamba mama yake mkubwa wa Nairobi ndiye aliyemwokoa. Msimlee kwa maneno hayo. Akikua akaanza kuuliza mama yake alikuwa nani, mwambie alikuwa na maneno matamu na alipenda vitu vichachu. Akiuliza alikufaje, mwambie aliomba kupelekwa kliniki siku ya Ijumaa, na mimi ndiye niliyesema Jumatatu. Mwambie mapema, kabla hajanipenda.

Ni mimi, binti yako aliyebaki,

Akinyi