Kazi Aliyoiita Yake

Montevideo, Jumapili

Dada yangu Nélida,

Jamu yako imefika salama na nusu nimeshaila. Goti nalo limetulia kidogo.

Unamkumbuka Gervasio, mwanafunzi wangu aliyekuwa akila kwetu kila Jumapili? Ijumaa alisimama mbele ya wanahisabati wenzetu akatoa uthibitisho kuhusu namba tasa, ule ule niliouhangaikia miaka yote nikamwonyesha yeye peke yake. Akasema ni kazi yake; jina langu hakulitaja, nami nimekaa safu ya mbele.

Mzee mmoja akamuuliza kuhusu hatua ya mwisho. Gervasio akakwama, akanigeukia kama zamani darasani.

"Mwalimu, hebu nisaidie hapo."

"Si umesema ni kazi yako, mwanangu? Haya, eleza."

Akaweka chaki chini. Ukumbi mzima ukaelewa. Watu wakaja kunipa mkono.

Nilidhani ningefurahi, Nélida. Kesho nina kipindi na wanafunzi wapya. Nitasimama ubaoni, na kwa mara ya kwanza maishani najiuliza niwaonyeshe kiasi gani.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Ofelia