Nyayo za Yaya wa Binti Yangu

Alhamisi, 2 Aprili

We bibi, tangu Januari hujagusa daftari hili! Mkono ukisahau herufi utamlaumu nani? Ulizipata uzeeni, darasa la jioni la kanisani, miwani imefungwa kwa uzi. Haya, kaa. Leo usipoandika utapasuka.

Binti yangu amesafiri kwenda mazishini. Kaniachia watoto wake pacha na yaya wao. Leo ilikuwa ibada ya kuosha miguu. Nikamwambia yaya, beba mmoja twende. Akasema hana viatu. Nikacheka — nyumba imejaa viatu kama duka, wewe huna! Nikampa kandambili zangu.

Kanisani zamu ya kuosha ilikuwa yangu. Nikamkalisha, nikashika mguu — jamani! Unyayo laini, kama wa mtoto ambaye hajaanza kutembea. Nimelima, nimebeba maji, miguu naijua. Nikamnong'oneza, mwanangu, mara ya mwisho umekanyaga barabara lini? Akasema siku aliyoletwa. Miezi kumi na minne!

Aliahidiwa kazi ya hoteli. Wakala akamkabidhi kwa binti yangu. Pasipoti imefungiwa kabatini. Simu hana. Mama yake hajui kama yu hai au amekufa.

Beseni likaniponyoka. Maji mpaka madhabahuni.

Na mimi! Mwaka mzima nakula alichopika, namsifia: msichana mtulivu huyu, hatokitoki.

Ijumaa, 3 Aprili

Sikumrudisha kwa binti yangu, nimemleta kwangu. Analala kitandani kwangu, mimi mkekani. Hataki mlango ufungwe. Basi uko wazi, mbu na washibe. Pacha nimempelekea baba yao. Ajifunze nepi.

Binti yangu karudi mbio. Mama, nje ni hatari, mimi namlinda tu. Unamlinda kwa kufuli? Mama, wewe hukusoma, hujui mambo ya vibali. Sikusoma, nikamwambia, lakini kufuli nalijua.

Akanitazama kama mgeni. Na ndiye aliyeongoza maombi ya kuwaombea wafungwa Jumapili! Huyu nilimnyonyesha miaka miwili. Miaka miwili!

Jumamosi, 4 Aprili

Mchungaji kaja asubuhi. Bibi, tuyamalize kifamilia. Nikamwambia, huyu naye ana familia, waite waje tuyamalize pamoja. Akaingiza mkono mfukoni. Kisha akampa msichana simu yake.

Mama mtu alipopokea huko kwao, ukelele wake tuliusikia sote. Mchungaji akapangusa macho. Vumbi, anasema. Vumbi gani, chumba nimekifagia mara mbili!

Akampigia afisa wa polisi anayeshughulikia watu waliouzwa. Afisa anakuja saa kumi. Anataka shahidi aliyeona. Aliyeona ni mimi. Atakayefungwa ni mwanangu.

Binti yangu kapiga simu mara nane. Sijapokea. Msichana kaja kuniketia miguuni. Bibi, kama ni vigumu, acha tu.

Acha! Yeye ndiye ananihurumia mimi!

Gari limesimama nje. Sijui la afisa au la binti yangu.

We bibi, ukilifungua tena daftari hili, usianze na salamu wala maumivu ya magoti. Mstari wa kwanza kabisa andika: ulisema, au ulinyamaza.